Mwizi wa farasi aliyevishwa nishani na Rais



Jioni ya leo nataka tumzungumzie mwizi wa mifugo. Najua maneno hayo yakitamkwa hapa kwetu mtu hufikiria bunduki, ng'ombe wanaoswagwa usiku kucha, na msomaji wa habari anayetuhesabia maiti asubuhi. Huyu wangu ni wa namna nyingine. Aliiba farasi karibu hamsini kwa mpigo mmoja. Aliwaiba alfajiri, akiwa amevaa sare ya jeshi la Marekani, akaondoka nao huku akiimba wimbo wa kwao. Miaka sitini na minne baadaye Rais wa nchi yake alimwita Ikulu akamvisha shingoni nishani ya juu kabisa anayoweza kupewa raia. Rais mwenyewe alikuwa Barack Obama, mtoto wa mtu wa Siaya, kwa hiyo hata kama hatuna sababu nyingine ya kumjua mzee huyu, hiyo mmoja tunayo.

Jina lake ni Joseph Medicine Crow. Alizaliwa tarehe 27 Oktoba 1913 karibu na mji mdogo wa Lodge Grass, katika jimbo la Montana. Huko siko Marekani ya magorofa tunayoiona kwenye picha. Ni nchi ya nyasi, milima ya Bighorn ikiwa upande mmoja, baridi kali ya theluji wakati wa kipupwe, na watu wanaoishi mbalimbali kwa sababu mifugo inataka nafasi. Kabila lake ni Wacrow. Wazungu waliwapa jina hilo la kunguru, lakini wenyewe hujiita Apsáalooke, yaani watoto wa ndege mwenye mdomo mkubwa.

Wengi wetu tuliwajua watu hao kwa jina la Wahindi Wekundu, na tuliwajua kupitia sinema. Katika sinema zile kauboi ni Mzungu, na Mhindi Mwekundu ni yule anayeanguka kutoka juu ya farasi kabla hatujajua hata jina lake. Kumbe huko Montana Mhindi na kauboi wanaweza kuwa mtu mmoja. Wacrow ni wafugaji. Wana ranchi, wana ng'ombe, na farasi kwao alikuwa kama ng'ombe kwa Mmasai: utajiri, zawadi ya arusi, na kipimo cha mtu mbele ya wenzake. Mjomba wake Joseph, Robert Yellowtail, alikuwa mwenye ranchi, na mwaka 1934 akawa Mhindi wa kwanza kukabidhiwa usimamizi wa rizavu ya watu wake mwenyewe.

Naam, rizavu. Neno hilo wazee wetu walilijua vizuri. Mkataba wa mwaka 1868 uliwaachia Wacrow kiasi cha eka milioni 8. Leo eneo lao halifiki eka milioni mbili na nusu, na hata ndani ya hizo ziko nyingi zilizo mikononi mwa watu wasio Wacrow. Kisha, Joseph alipokuwa kijana mdogo, katika miaka ya 1920, serikali ikaamua kwamba farasi wa Wacrow wamezidi. Ilisema wanamaliza majani. Majani hayo yalikuwa yakitakiwa na wenye ng'ombe na kondoo waliokodi malisho ndani ya rizavu. Basi wakalipwa watu wa kuwapiga risasi farasi, na farasi wakafa kwa maelfu. Mzee Yellowtail alipopewa usimamizi baadaye, mojawapo ya kazi alizojipa ilikuwa kurudisha farasi wazuri na nyati katika nchi ile.

Msikilizaji wa Ukambani hapo ametikisa kichwa. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni nayo iliamua kwamba ng'ombe wa Wakamba wamezidi na wanaharibu ardhi. Ikaanza kuwachukua kwa nguvu na kuwauza kwa bei ya kutupa, na kule Athi River kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kikiwasubiri. Muindi Mbingu akaongoza watu wake kwa maelfu mpaka Nairobi, kutaka kuonana na Gavana. Alikamatwa, akahamishiwa Lamu, ingawa mwishowe serikali ilirudi nyuma. Leo Muindi Mbingu ni jina la barabara tunayokanyaga tukienda Soko la Mjini, na sijui ni wangapi kati yetu wanaojua kwamba jina hilo liko pale kwa sababu ya ng'ombe. Mwaka uliofuata vita vilianza Ulaya, na serikali ile ile ikarudi Ukambani, safari hii ikitafuta vijana. Naomba tuyaweke hayo pembeni kidogo. Nitayarudia.

Joseph alilelewa na wazee. Babu yake mzaa mama, naye akiitwa Yellowtail, alimlea kama walivyolelewa vijana wa zamani, vita vilipokuwa bado ndiyo shule. Alimtoa nje akimbie miguu mitupu juu ya theluji. Alimwogesha mtoni maji yakiwa ya barafu. Babu yake mzaa baba, Chifu Medicine Crow, alikuwa mmoja wa mashujaa wakubwa wa kabila. Na babu yake wa kambo, aliyeitwa White Man Runs Him, alikuwa miongoni mwa wapelelezi wa Kicrow waliomwongoza Jenerali Custer mwaka 1876, siku chache kabla Custer hajauawa na Walakota na Wacheyenne pale Little Bighorn pamoja na askari wake zaidi ya mia mbili. Mahali hapo pamo ndani ya nchi ya Wacrow. Joseph aliyasikia mambo ya vita vile kutoka kinywani mwa mtu aliyekuwapo. Tena si mara moja, kwa maana wazee hurudia, na mtoto mwenye bahati ni yule anayesikia mara ya kumi kama mara ya kwanza.

Kwa wazee hao alijifunza sheria ya Wacrow juu ya ushujaa. Kijana hakuwa chifu wa vita kwa kuzaliwa, wala kwa kuchaguliwa. Ilimpasa atimize mambo manne. La kwanza, amguse adui aliye hai. La pili, amnyang'anye adui silaha. La tatu, aongoze kundi la wapiganaji na kulirudisha salama. La nne, aingie katika kambi ya adui na kutoka na farasi wake.

Hebu yarudie hayo kichwani, msikilizaji. Kuua hakumo. Wacrow waliua vitani kama watu wengine wote, sisemi walikuwa malaika. Lakini walipokaa kupima nani shujaa, hawakuhesabu maiti. Kumlenga mtu kutoka mbali waliona ni kazi ya mkono na jicho. Kumsogelea mpaka ukamgusa, naye ana silaha, kisha ukarudi nyumbani, hilo ndilo lililowafanya wazee wanyamaze na kusikiliza.

Ila sheria hiyo ilikuwa imebaki ya masimulizi tu. Vita vya makabila vilikuwa vimekwisha, farasi walikuwa wamepigwa risasi, na vijana walikuwa shuleni wakikariri Kiingereza. Joseph naye alisoma, na alisoma kweli kweli. Alitoka shule ya misheni ya Kibaptisti, akaenda chuo cha Bacone huko Oklahoma, kisha Linfield huko Oregon, na mwaka 1939 akapata shahada ya uzamili katika elimu ya binadamu na mila zake kwenye Chuo Kikuu cha Southern California. Alikuwa wa kwanza katika kabila lake kufika hapo. Alikuwa ameanza safari ya udaktari vita vilipoingia. Akafanya kazi kwanza katika karakana ya meli, na mwaka 1943 akaingia jeshini.

Aliwekwa katika Divisheni ya 103 ya askari wa miguu, akawa mpelelezi, kazi ile ile ya babu yake wa kambo. Divisheni hiyo ilipigana mashariki ya Ufaransa kisha ikaingia Ujerumani. Msomi huyu wa chuo kikuu, kila alipokwenda mstari wa mbele, alijichora michirizi miwili myekundu mikononi chini ya shati la jeshi, na ndani ya kofia yake ya chuma alificha unyoya wa tai uliopakwa rangi ya manjano, aliopewa na mganga wa kwao. Nawajua wasomi wetu watakaocheka hapo. Wacheke. Hawakuwa wao waliokuwa wakielekezewa mizinga.

Mambo yenyewe yalitokea moja moja, bila yeye kuyapanga. Mbele ya ngome za zege ambazo Wajerumani walizijenga mpakani, zile zilizojulikana kama mstari wa Siegfried, kamanda wake alihitaji baruti ya kuzilipua, na baruti hiyo ilikuwa mahali panaponyeshewa risasi. Akamwita Medicine Crow, akampa askari wachache, akamwambia nenda. Alikwenda nao, wakaibeba, akarudi nao wote wazima.

Siku nyingine walikuwa wakiingia katika kijiji kimoja cha Wajerumani. Yeye akikimbia upande wa nyuma alikata kona, na upande wa pili wa ukuta alikuwako askari wa Kijerumani akikimbia vile vile. Wakagongana. Bunduki ya yule Mjerumani ikaanguka. Medicine Crow angeweza kumpiga risasi pale pale na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake aliiweka bunduki yake chini, wakakamatana kwa mikono mitupu, wakagaragazana chini. Mwishowe Mcrow akawa juu, mikono yake ikiwa kooni mwa mwenziwe, akikaza. Yule kijana akatoa neno moja: mama.

Nasi hatuhitaji mkalimani kwa neno hilo. Yeye pia hakuhitaji. Alisimulia baadaye kwamba lilimwingia masikioni, na mikono ikalegea yenyewe. Akamwachilia.

La farasi lilikuwa karibu na mwisho wa vita. Kikosi chake kilikuwa kikiwafuata maofisa wa SS waliokuwa wakirudi nyuma juu ya farasi, na usiku mmoja maofisa hao walilala kwenye shamba, farasi wao wakiwa wamefungiwa ndani ya ua. Wamarekani walizunguka shamba wakingoja mapambazuko wavamie. Hapo mtoto wa wafugaji aliwatazama farasi wale. Mtu aliyekulia mjini angeona usafiri wa adui. Yeye aliona kitu kingine, na akamwomba kamanda dakika chache kabla ya shambulio. Akanyemelea na mwenzake mmoja mpaka uani, akamchagua farasi, akamfunga kamba mdomoni kama Wacrow wafungavyo, akampanda bila tandiko. Mwenzake akafungua lango. Akatoa ukelele, akawaswaga wote karibu hamsini mpaka mbali. Kulipokuwa kweupe na akajiona yu salama, akawazunguka akiimba wimbo wa sifa wa kabila lake. Hayo yalikuwa Ujerumani, mwaka 1945, na mwimbaji alikuwa mtu ambaye farasi wa kwao walimalizwa na serikali aliyokuwa akiipigania.

Sasa sikilizeni jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko farasi. Medicine Crow alirudi nyumbani akiwa hajui kwamba ametimiza lolote. Jeshi lilimpa nishani ya Bronze Star, na nishani ya jeshi ina karatasi yake na sababu zake. Lakini alipofika Lodge Grass wazee walimwita, yeye na wenzake waliotoka vitani, wakakaa nao. Wakamwambia, haya, tuambie. Akaanza kusimulia kama mtu asimuliavyo safari: baruti, yule kijana wa ukutani, farasi. Wazee wakasikiliza wakihesabu. Aliongoza kundi na kulirudisha. Alimgusa adui, akamwondolea silaha yake. Alitwaa farasi kambini. Wao ndio waliomwambia kwamba mambo yote manne yametimia. Mpaka leo ndiye chifu wa vita wa mwisho wa Wacrow.

Maana yake nini? Yule mtu aliondoka Ujerumani na picha kichwani mwake za kumkaba koo kijana mwenziwe anayemlilia mama yake. Mzigo wa namna hiyo mtu anaweza kuubeba peke yake mpaka ukamvunja mgongo. Wazee wale waliupokea, wakautazama, wakaupa jina, na kule kumwachilia adui kukawa sehemu ya heshima yake. Walikuwa na kipimo chao wenyewe, kilichokuwapo kabla ya jeshi la Marekani.

Ndipo nirudi kwetu, kama nilivyoahidi. Vijana waliochukuliwa Ukambani, Ukalenjin, Tanganyika, Uganda na Nyasaland waliingia katika jeshi la Keya, wakapigana Uhabeshi dhidi ya Waitaliano, wakapelekwa Madagaska mwaka 1942, na mwaka 1944 wakaingia Burma, katika bonde la Kabaw wakati wa mvua, wakiwasukuma Wajapani mpaka mto Chindwin. Wengi walikuwa watoto wa wafugaji. Waliporudi, Wazungu waliotoka vita vile vile walifunguliwa mpango wa kupewa mashamba katika nyanda za juu za Kenya. Mtu wa Keya alipewa karatasi ya kuachishwa na pesa kidogo, akarudi rizavu. Hayo tumeyasema mara nyingi, na wanasiasa wameyasema zaidi.

Tusilolisema ni kwamba sisi pia hatukuwauliza. Kijijini kwetu alikuwako mzee mmoja tuliyemwita Mzee Keya, na kwa aibu nasema kwamba jina lake lingine nililijua siku ya mazishi yake. Alikuwa na mbuzi na ng'ombe wawili watatu. Asubuhi aliwafungulia kwa amri za kijeshi, kwa Kiswahili kile cha kambini, nasi watoto tulimfuata nyuma tukipiga kwata na kucheka. Naye alicheka pia. Ilikuwa ndiyo kazi yake kijijini, kuchekesha. Usiku mwingine alisikika akipiga kelele nyumbani kwake, na watu wazima walisema ni pombe. Labda ilikuwa pombe. Hakuna aliyekwenda kuketi kwake akamwambia, haya mzee, tuambie.

Medicine Crow yeye aliigeuza ile hali ya kuulizwa ikawa kazi ya maisha. Mwaka 1948 kabila lilimweka kuwa mwanahistoria wake. Akaanza kuwauliza wengine, akikusanya masimulizi, picha na majina, na akaandika vitabu. Aliandika pia mchezo wa kuonyesha vita vya Little Bighorn, ambao watu wa Montana wameucheza mbele ya wageni kwa miaka mingi, na humo Wahindi hawaanguki tu kutoka juu ya farasi. Aliendelea kuzungumza mbele ya watu hata baada ya kutimiza miaka tisini. Ufaransa ilimpa nishani ya Légion d'honneur mwaka 2008. Mwaka huo huo Obama, akiwa bado anagombea, alifika katika nchi ya Wacrow na familia moja ikamfanya mtoto wao kwa desturi yao. Tarehe 12 Agosti 2009 ndiyo ikawa siku ya Ikulu. Mzee alikuja na kilemba chake cha manyoya ya tai, akiwa na miaka tisini na mitano. Alifariki tarehe 3 Aprili 2016, akiwa na umri wa miaka 102, na wanaojua mambo hayo walisema amekwenda mtu wa mwisho aliyesikia habari za Little Bighorn kutoka kwa aliyezishuhudia.

Mzee Keya wetu aliacha kopo la bati la majani ya chai. Siku ya mazishi mjukuu wake alilifungua mbele yetu. Ndani mlikuwa na picha ya vijana watano wenye kofia za kukunjwa upande, hakuna aliyeweza kutuambia ni akina nani, na nishani ya nyota yenye ncha sita, iliyoandikwa Burma. Niliigeuza kutafuta jina lake nyuma. Hapakuwa na maandishi yoyote.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.